Mama Niliyemfuta Harusini

Ninyi mnaochapa maneno kwa kidole gumba, na simu inawasahihisha kabla hamjamaliza kukosea, sogeeni. Nataka niwasimulie kazi iliyonilisha miaka thelathini, na ambayo mpaka leo hunijia nikisinzia mchana kitini: kazi ya kusoma prufu. Prufu ni ile nakala ya kwanza ya kitabu, inayotoka ikiwa na harufu ya wino na makosa yake yote, kabla mashine haijachapa nyingine. Lazima awepo mtu wa kuisoma neno kwa neno na kuyatoa hayo makosa. Katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko la Kasulu, mtu huyo nilikuwa mimi, Skolastika, na wengi waliniita Mama Prufu.

Siku hizi macho yamechoka. Mnajua asubuhi zetu za Kasulu, ukungu unavyoshuka kutoka milimani na kulala juu ya mabati mpaka jua liwahurumie watu. Zipo asubuhi nakaa dirishani nisijue kama ukungu uko nje au uko ndani ya jicho langu. Asubuhi za namna hiyo ndizo zinazoniletea watu wa zamani, na simkatazi yeyote kuingia.

Wa kwanza kuingia kila mara ni Mzee Filipo, aliyenifundisha kazi. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, wa pili aliufanya kwa uzi wa kushonea magunia. Tulisoma wawili wawili: yeye anasoma mswada kwa sauti, mimi nafuata kwenye prufu na rula ya mbao, nimefunika mistari ya chini ili jicho lisikimbie. Na alikuwa anasoma kila kitu, hata alama. "Mama aliingia koma akaketi nukta aya mpya." Ukifanya hivyo toka asubuhi mpaka jioni, inakuingia kwenye damu. Jumapili moja alipewa kusoma somo kanisani, akasoma vizuri kwa sauti yake ile ya kutetemesha madirisha, kisha akamalizia, "Neno la Bwana nukta." Padri mwenyewe aliinamisha kichwa kuficha kicheko.

Alinifundisha mambo mawili ambayo sitayasahau. La kwanza, kila kitabu kisomwe mara ya pili kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza. Alisema hadithi ina ulevi wake, ikikuchukua macho yanalala. Ukiisoma kinyumenyume haina nguvu ya kukuchukua. La pili alilirudia mpaka nikalichoka.

"Skola, prufu ni shamba la mtu. Wewe umeitwa kupalilia. Usipande cha kwako, using'oe cha mwenyewe. Ukiona mmea huujui, weka alama ya kuuliza pembeni, kwa penseli, umuulize mwenye shamba."

Niliitikia, "Ndiyo, mzee," kama ninyi mnavyoniitikia mimi sasa hivi, huku mawazo yako kwingine.

Msidhani tulikuwa hatukosei. Mwaka mmoja tulitoa kalenda yenye Novemba ya siku thelathini na moja. Tulisoma majina ya miezi, tukasoma majina ya siku, tukasoma maneno ya baraka yaliyoandikwa chini, na hakuna aliyehesabu. Jamaa mmoja wa Munanila alipanga harusi ya binti yake siku ile ya thelathini na moja, kwa sababu iliangukia Jumamosi. Wageni wa upande wa kiumeni walikuwa na kalenda nyingine, wakaja siku yao ya mwisho wa Novemba, ya thelathini, wakakuta watu wako shambani wanapanda maharage. Walikula ugali wa muhogo na walichokikuta, wakafunga ndoa hivyo hivyo, na nasikia wanaishi kwa amani. Mimi nilicheka na wenzangu. Sikujua kwamba kosa langu mwenyewe la harusi lilikuwa linakuja, na kwamba hilo halitachekesha.

Ilikuwa miaka ile ya 2012 mpaka 2015, nikiwa karibu na kustaafu. Mzee Filipo alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na kiwanda kilikuwa mikononi mwa Mwalimu Tito, mwalimu mstaafu mwenye tumbo la heshima na akili ya biashara. Vibanda vya video vilikuwa vimejaa kila mahali, Kasulu, Kibondo, mpaka Manyovu kule mpakani. Mwalimu Tito akagundua jambo: mtu akishaipenda filamu, anataka aende nayo nyumbani, na nyumbani umeme hakuna. Basi akaanza kutoa vitabu vya filamu. Mwandishi anakaa na diski, anaiandika filamu yote kama hadithi, tunaweka picha chache, tunachapa. Vilitoka kama maandazi ya asubuhi.

Mimi filamu zenyewe sikuziangalia hata moja. Nilikuwa mwanakwaya, na banda la video nililiona kama mahali pa wahuni na moshi wa sigara. Nilisema kazi yangu ni maneno, picha ni za watoto. Lishikeni hilo, maana ndipo ninapoanzia kujikwaa.

Ikaja filamu iliyoitwa Ungo wa Mama. Vijana wenye kamera moja walikuwa wameipiga huku huku kwetu, huko Muyama, wakiwatumia wanakijiji wenyewe. Binti anakaribia kuolewa, mama yake anafariki, harusi inafanyika hivyo hivyo. Kisa chenyewe ni hicho tu, lakini watu waliipenda mpaka wakaijua kwa moyo. Mswada wake ulipofika mezani kwangu, mwandishi alikuwa amesafiri na simu yake haipatikani, na Mwalimu Tito alikuwa anataka kitabu kitoke kabla ya mvua kuharibu barabara.

Nikausoma mara moja kwenda mbele, haraka haraka, nikiwinda alama. Kisha nikausoma kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Ukurasa wa sitini na tatu nikamkuta mama wa bibi harusi amesimama mlangoni pa jiko, kwenye ukungu, anapepeta maharage na kuimba wimbo wa kumuaga binti. Nikaendelea kurudi nyuma, sitini, hamsini, arobaini. Ukurasa wa kumi na tisa nikamkuta mama yule yule anazikwa.

Nikaweka rula chini. Nikajisemea, huyu mwandishi amelala. Mtu amezikwa ukurasa wa kumi na tisa, anapepetaje maharage ukurasa wa sitini na tatu? Penseli ilikuwa pale pale mezani, nawaambia kweli, ilikuwa karibu na kidole. Sikuishika. Nilishika kalamu nyekundu. Nikapiga mstari juu ya mama na ungo wake, nikaufuta ukungu, na wimbo nikampa shangazi, ambaye walau alikuwa hai.

Mwalimu Tito aliposikia alinipa mkono. "Skola, umetuokoa na aibu kubwa," akasema, na akaagiza niletewe soda. Na mimi niliinywa ile soda nikiwa na furaha. Jina langu likachapwa ukurasa wa pili: Prufu imesomwa na Skolastika.

Kitabu kilikuwa hakijamaliza mwezi wakati kondakta wa basi la Kibondo aliponiletea barua. Ilitoka kwa dada mmoja aitwaye Jenifa, fundi cherehani, aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi na wazazi waliotoka Burundi, akakulia Kibondo, na ambaye banda la video lilikuwa jirani na kibaraza chake cha kushonea. Alikuwa ameiona Ungo wa Mama mara nyingi kuliko walioitengeneza. Barua ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za daftari, imepangwa kwa namba, na haikuwa na huruma.

"Mama Prufu, shikamoo. Mimi ni mshabiki wa hiyo filamu na nimenunua kitabu. Ukurasa wa ishirini na mbili bibi harusi ana gauni la mikono mirefu. Ukurasa wa ishirini na nne mikono mifupi. Naomba kujua ni fundi gani aliyelikata, na alilikata saa ngapi, maana watu walikuwa hawajamaliza hata kula." Akaendelea hivyo. Lori la bwana harusi ni la bluu kwenye filamu, kitabuni ni jekundu. Mjomba anakula samaki, migebuka, akifungua ukurasa anakula maharage. Picha ya ukurasa wa arobaini imegeuzwa, bwana harusi amekuwa wa mkono wa kushoto. Kurasa namba arobaini na nne ziko mbili, namba arobaini na tano haipo. Mwishoni kabisa aliandika: "Namba kumi na moja ndiyo kubwa. Mama yuko wapi? Harusini mmemficha wapi? Sisi hapa Kibondo tunamtafuta."

Jamani, nilikasirika. Ninyi mmezoea kukosolewa na watu msiowajua, mnacheka mnaendelea. Mimi nilikuwa mwanamke wa rula na kalamu, na hapa fundi cherehani ananihesabia makosa kama mishono. Kumi ya kwanza nilijua ana haki, na kwa sababu nilijua, nikaishikilia ile ya kumi na moja ambayo niliamini nina haki mimi. Nikamjibu kwa mstari mmoja: "Marehemu hahudhurii harusi." Nikaona nimemaliza maneno.

Hakujibu. Baadaye aliniambia kwamba aliisoma barua yangu mbele ya wenzake pale kibarazani, na hakuna aliyecheka. Mama mmoja tu alisema, "Masikini, huyo hajaiona."

Kisha ikaja ile asubuhi ya ukungu. Nasema ile, kwa sababu kwangu iko moja. Nilikuwa nimefungua mlango wa kiwanda nikasikia makofi mepesi, ya salamu, jinsi wazee wetu Waha wanavyosalimu. Kutoka ndani ya ukungu akatokea mzee mwembamba mwenye koti refu na kofia, amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Mwakeye," akanisalimu.

Nikamwitikia kwa Kiha, nikamkaribisha kiti. Hakukaa mpaka alipomaliza kuuliza hali ya nyumbani kwangu, ya wanangu, ya shamba, hata ya wenzangu wa pale kiwandani ambao hakuwajua. Ndivyo tulivyolelewa, salamu hazikatwi njiani. Kisha akafungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha Ungo wa Mama, kisafi, hakina hata kona iliyokunjika.

"Naitwa Rafaeli, wa Muyama," akasema. "Nimekuja kumtafuta mke wangu."

Nikadhani mzee amechanganyikiwa. Nikamuuliza mke wake anaitwa nani.

"Leokadia. Ndiye yule mama wa kwenye filamu. Si mwigizaji, ni mkulima, lakini aliimba vizuri harusini, ndipo wale vijana wakamwomba. Mimi mwenyewe nilikuwapo wanampiga picha. Kulikuwa na manyunyu, nikashikishwa mwamvuli wa kufunika kamera." Akatabasamu kidogo, akaendelea. "Filamu ilipotoka alikuwa ameshafariki. Homa tu, wiki mbili. Picha yake nyingine sina, mama. Filamu waliionyesha mara moja pale shuleni kwetu, kwenye shuka jeupe, nikamwona anapepeta maharage. Basi niliposikia kuna kitabu, nikasema Mungu amenikumbuka. Mimi sijui kusoma. Mkwe wangu akanisomea, kidogo kidogo kila jioni, ili kisiishe. Tukamzika mle kitabuni, nikalia tena. Nikamwambia mkwe, endelea, harusini atarudi. Tukafika harusini, hayupo. Wimbo wake anauimba shangazi. Nikasema umeruka ukurasa. Akarudia. Hayupo."

Akaweka kiganja juu ya jalada. Mimi nilikuwa nakitazama kile kitabu.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka tu kujua nani amemtoa."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimewaita hapa kwa ajili ya jambo hili. Nilikuwa mtu mzima, mjane, mwanakwaya, na yule mzee alikuwa ameniuliza kwa adabu kuliko nilivyostahili. Nikamwambia, "Ni mashine, mzee. Mashine huwa zinaruka."

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyeelewa. "Ego," akasema, yaani ndiyo. "Basi naomba niione hiyo mashine."

Sikuwa na namna. Nikampeleka chumba cha nyuma. Mashine yetu ilikuwa imezimwa, imefunikwa turubai kwa sababu ya vumbi. Nikaifunua. Mzee Rafaeli akavua kofia, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuomba kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliitazama muda mrefu, juu mpaka chini, akainama akachungulia kwenye roli za wino.

"Haina macho," akasema mwishoni. "Ingemwonaje?"

Akaifunika turubai yeye mwenyewe, taratibu, akavaa kofia, akanishukuru. Akasema atalala kwa ndugu yake pale mjini na kesho asubuhi atapanda gari la kurudi. Kitabu alikifunga tena kwenye kitambaa chake, akaingia kwenye ukungu.

Nilirudi mezani nikashindwa hata kushika rula. Nilimsikia Mzee Filipo na uzi wake wa magunia, ananiuliza penseli yangu iko wapi. Saa nane mchana nikamwambia Mwalimu Tito naumwa kichwa, nikajitanda khanga vizuri, nikaenda kwenye banda la video, mimi Skolastika wa sauti ya kwanza kwayani. Nilimkuta mwenye banda anafagia. Nikamwambia nataka Ungo wa Mama. Alinitazama kama vile askofu amemwomba kucheza drafti, lakini akawasha jenereta.

Nilikaa peke yangu kwenye benchi. Mvua ikaanza kupiga bati, mwanga wa mlangoni ukafifia, nikawa sijui tena ni saa ngapi. Nikamwona Leokadia akiwa hai, mwanamke mnene kidogo mwenye mwanya, anamgombeza binti yake na huku anamcheka. Nikamwona anazikwa. Kisha ikaja harusi. Ngoma zinapigwa, watu wanakula, kamera inapita katikati yao bila haraka, inafika mlangoni pa jiko, na pale kwenye ukungu yupo. Anapepeta. Maharage yanaruka juu ya ungo na kurudi bila sauti. Watu wanapita ubavuni mwake na sahani, hakuna anayemsalimu. Bibi harusi peke yake ndiye anayegeuka. Mama anaimba, mstari mmoja, miwili, anageuza uso anatazama moja kwa moja kwenye kamera, halafu ukungu unamchukua, na ungo unabaki chini.

Nililia mle bandani bila kujizuia. Mwandishi hakuwa amelala, mimi ndiye niliyekuwa nimelala, tena macho yakiwa wazi. Hadithi nzima ilikuwa inatembea kuelekea kwenye ule mlango wa jiko, na mimi kwa kuisoma kinyumenyume nilikuwa nimefika pale kabla ya kila mtu na kuufunga.

Asubuhi nilikuwa stendi kabla magari hayajajaa. Nikamkuta Mzee Rafaeli ameshakaa kwenye Noah, dirishani, na kifurushi chake mapajani. Nikapiga magoti pale pale kwenye matope. Abiria wakatoa vichwa madirishani.

"Mzee, nilikudanganya jana. Si mashine. Ni mimi. Nilimfuta kwa mkono huu."

Alinitazama. Nilitegemea hasira, na ningeipokea vizuri zaidi kuliko nilichokipata.

"Jana nilijua," akasema. "Nilikuona unavyoitazama ile mashine, unaionea huruma." Halafu akauliza, "Sasa anaweza kurudi?"

"Anarudi," nikasema. "Nipe mpaka mvua hizi ziishe. Nitamleta mwenyewe."

Mwalimu Tito alisema haiwezekani. Vitabu vimeshachapwa, vimeshasambaa, kuchapa upya ni kufunga kiwanda. Tukabishana mpaka soko zima likatusikia. Mwishowe akakubali jambo moja: nichape ule ukurasa mmoja ulivyokuwa, na nikitaka kuubandika, niubandike mwenyewe. Mswada nilikuwa nao. Mzee Filipo alinifundisha kutotupa mswada hata wa tangazo la mbuzi aliyepotea. Maneno ya mwandishi yalikuwa pale chini ya wino wangu mwekundu, yanasomeka yote.

Kisha nikamwandikia Jenifa. Barua hiyo niliiandika mara tatu. Nilimwambia kwamba namba kumi na moja alikuwa na haki, na nyingine kumi pia, na kwamba namwomba msamaha yeye na wenzake wa Kibondo. Nikamwomba anisaidie kuvitafuta vitabu.

Hakujibu kwa barua. Alikuja mwenyewe na basi, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, nadhani alilala nayo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunitazama juu mpaka chini.

"Kumbe Mama Prufu ni mtu," akasema. "Sisi tulifikiri ni mhuri."

Nilimpenda kuanzia hapo. Tulipika gundi ya unga wa muhogo kwenye sufuria ya nyumbani kwangu, tukabandika nakala zilizobaki kiwandani, yeye anapaka, mimi naweka ukurasa na kuulainisha kwa rula ile ile. Naye aliondoka na bahasha iliyojaa kurasa kuelekea Kibondo. Mashabiki wakafanya yaliyobaki. Walibandika vitabu vya marafiki, wakabandika vya kwenye vibanda, mmoja akapeleka kurasa mpaka Manyovu kwa wabadilisha fedha, ambao walikuwa wanavisoma wakisubiri wateja. Wale wale niliowaona wahuni ndio walionifanyia kazi yangu. Jenifa alinionya jambo moja tu, kwamba gundi ya muhogo mende wanaipenda, nitie mwarobaini ndani. Ni ujuzi mzuri, uandikeni mahali.

Si kila kitabu tulikipata. Vipo ambavyo mpaka leo shangazi ndiye anayeimba. Nikiwaza hilo, linaniuma.

Mvua zilipoisha nikaenda Muyama kama nilivyoahidi. Nilifika asubuhi, migomba bado inadondosha umande na milima ya upande wa Burundi haionekani. Mzee Rafaeli aliniwekea kiti mlangoni pa jiko. Nilipogeuka niliutambua ule mlango, ndio wa kwenye filamu, na kwenye ukuta wake umetundikwa ungo. Nilisita kukaa. Akasema, "Kaa, mama, hatajali." Akaleta kitabu kwenye kitambaa, nikabandika ukurasa mbele ya macho yake, nikaulainisha, nikangoja ukauke.

Kisha nikamsomea. Nilisoma polepole, bila koma wala nukta. Nikasoma ngoma, nikasoma sahani, nikasoma ukungu na mama anayepepeta maharage. Nikafika kwenye maneno haya ya mwandishi: "Hakuna aliyemwona isipokuwa bibi harusi."

"Hapo pana kosa," akasema Mzee Rafaeli.

Nilishtuka mpaka rula ikaanguka. "Kosa gani tena, mzee?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nimeshika mwamvuli. Alipogeuka alikuwa ananitazama mimi." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayerekebisha jambo dogo. "Mimi nilimwona."

Mzee Filipo alisema prufu ni shamba la mtu, usipande cha kwako. Nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote, na wakati mmoja nilioivunja kwa kung'oa mmeusikia. Siku ile nilitoa penseli. Pembeni mwa mstari ule, kwa herufi ndogo, nikaandika: na Rafaeli. Nikamwonyesha kwa kidole mahali jina lake lilipo, kwa kuwa hajui kusoma, naye akaweka kidole chake pale, karibu kabisa na neno mama la mstari wa juu, akakiacha hapo.